SOMO LA SABA: WATU WATAKUJUAJE?

(Maneno haya yalisomwa redioni katika vipindi vya elimu ya watu wazima. Yamepigwa chapa ili darasa liyasome tena pamoja, polepole.)

Ninyi mlioko Sumbawanga mjini, Laela, Matai na Namanyere. Ninyi mlioko bondeni Muze na Mtowisa. Na ninyi mlioko kando ya ziwa, Kasanga na Kirando, nawasalimu nyote. Asiye na kitabu akae karibu na mwenzake, tuanze.

Katika somo la sita tulijifunza kuandika barua ya kuomba kazi. Tulijifunza mahali pa kuweka anwani, tarehe, kichwa cha habari na sahihi. Wengi wenu mmeandika barua safi. Lakini mwanafunzi mmoja wa Matai aliuliza hivi: "Mwalimu, barua nimejua kuiandika. Sasa nitampelekea nani, na huyo nitakayempelekea atanijuaje?"

Swali hilo ni zuri, nalo lastahili jibu kamili. Leo basi tutazungumza juu ya kujuana na watu kwa ajili ya kazi, hasa kazi katika mashirika yasiyo ya kiserikali.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Shirika lisilo la kiserikali ni chama cha watu wanaofanya kazi kwa manufaa ya wengine, wala hawagawani faida. Mengine hufundisha kilimo bora, mengine huchimba visima, mengine huwasaidia yatima na wagonjwa. Katika nchi yetu mashirika hayo yana sheria yake, Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Shirika lapaswa kusajiliwa, nalo laweza kusajiliwa kufanya kazi katika wilaya, katika mkoa, katika taifa zima au kimataifa. Ukitaka kujua kama shirika fulani ni la kweli, mwulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yako. Kuuliza si ujinga.

Kazi za hiari si jambo geni kwetu. Chama cha Msalaba Mwekundu cha nchi yetu kiliwekwa kwa sheria mwaka 1962, nacho hutegemea sana watu wanaojitolea. Mwaka 1964 lilianzishwa shirika la makanisa la kuwahudumia wakimbizi, lijulikanalo kwa herufi TCRS. Shirika hilo lilifanya kazi katika makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, Katumba tangu mwaka 1973 na Mishamo tangu mwaka 1978. Sehemu hizo zilikuwa ndani ya mkoa wetu wa Rukwa kwa miaka mingi, mpaka Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012.

Tena wazee wenu wanakumbuka mwaka 1973, mwaka wa kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Watu kama milioni 2 walishiriki nchini. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, mtu ajuaye kusoma na anayesikilizwa na wenzake. Wengi wa viongozi hao hawakuwa na vyeti vikubwa.

Nimeyataja hayo ili msidhani kwamba kazi hizi ni za watu wa chuo kikuu peke yao. Ni kweli, mhasibu na mratibu wa mradi hutakiwa wawe na vyeti. Lakini shirika likifika Ufipa lahitaji pia mlinzi, dereva, mpishi, mtu wa kuandikisha kaya, mtu wa kufundisha vikundi vya akiba, na mtu wa kuwaita akina mama mkutanoni nao wakaja. Kazi hizo za mwisho hawezi kuzifanya mgeni. Zamtaka mtu wa hapa hapa.

Lakini kuna jambo moja hamna budi kulielewa. Fedha za shirika mara nyingi ni fedha za mradi. Mradi una mwanzo na mwisho: miaka 2, miaka 3, pengine 5. Ukiisha, kazi nayo huisha, na kila mmoja hutafuta mahali pengine. Tena mradi mpya ukianza, huanza kwa haraka. Watu hutafutwa wiki hii ili kazi ianze wiki ijayo. Hapo ndipo watu huulizana: "Je, unamjua mtu anayefaa?" Basi kama jina lako halimo vinywani mwa watu wiki hiyo, barua yako nzuri haitakufaa kitu, kwa maana hutajua hata kama kazi ilikuwapo.

KOSA LANGU

Nataka niwaeleze kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, mama mmoja wa kijiji kilicho upande wa Laela. Alijifunza kusoma ukubwani. Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba na mikopo cha akina mama wenzake. Kila wiki aliandika hisa za kila mtu, na mwisho wa mwaka walipogawana fedha haikupungua hata shilingi moja. Mimi nilikiona kitabu chake mara mbili, nikamsifu, nikaenda zangu.

Siku moja nilipigiwa simu na shirika moja. Walisema, "Twataka watu wanne wanaojua kuandika na kuaminiwa na wenzao, wafundishe vikundi vya akiba vijijini. Tupe majina leo." Nilikuwa njiani, nina haraka. Nikataja majina manne yaliyokuja kichwani upesi. Yule mama sikumtaja. Sikuwa na kinyongo naye hata kidogo. Sikumkumbuka tu. Mmoja wa wale niliowataja nilimjua kwa sababu alikuwa jirani yangu, tulikuwa tukisalimiana kila asubuhi. Kazi yake sikuijua. Miezi mitatu haikupita, akaiacha kazi, na vikundi alivyopewa vikavunjika.

Yule mama alisikia habari. Alikuja darasani kama kawaida yake, akakaa, akamaliza somo. Wenzake walipokwisha kuondoka aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, kumbe hukunijua?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali lile mpaka leo.

Katika habari hii kuna mafunzo mawili. La kwanza ni langu mimi na wengine wenye ofisi. Mtu anayeulizwa majina ana deni kwa watu. Haifai ataje yule anayemwona karibu na mlango wake. Tangu siku ile nina daftari, na kila mwanafunzi wangu nimemwandika humo pamoja na kazi anayoiweza.

Funzo la pili ni lenu. Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Ni kweli kwa kitu kilichokwisha kufika sokoni. Lakini gunia la maharage mazuri lililofungiwa ndani Mtowisa halijiuzi Sumbawanga. Ni lazima mtu alichukue, apande nalo mlima, alifungue, watu waone. Yule mama alikuwa na kazi njema iliyofungiwa ndani ya kitabu. Hakuna mtu nje ya kikundi chake aliyekifungua isipokuwa mimi, nami nilisahau.

KUJUANA KWA NAMNA MBILI

Huenda baadhi yenu mnasema moyoni: "Mwalimu anatufundisha kutafuta vimemo." Hapana. Sikilizeni vizuri.

Kuna kujuana kwa giza. Huko mtu hupewa kazi kwa kuwa ni mpwa wa fulani, au kwa kuwa ametoa fedha, au kwa kuwa ametakiwa mwili wake. Hiyo ni rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007, yakataza, nayo yataja waziwazi hata rushwa ya ngono. Mtu akikuambia, "Lete elfu hamsini nikuandikie jina," jua kwamba huyo ni mwizi, maana shirika la kweli haliuzi kazi. Nenda ofisi ya TAKUKURU, au piga simu namba 113, haina malipo.

Na kuna kujuana kwa mwanga. Huko mtu anakujua kwa kazi yako. Anaweza kusimama mbele ya wengine akasema, "Huyu nimemwona. Aliweka hesabu mwaka mzima. Akiahidi kuja, anakuja." Kujuana huku hakumdhulumu mtu. Kunawasaidia hata wenye shirika, kwa kuwa wao ni wageni, nao wanaogopa kukabidhi fedha za watu kwa mtu wasiyemjua.

Ukitaka kuzitofautisha namna hizo mbili, jiulize: je, yule aliyenitaja anaweza kueleza hadharani, mkutanoni, kwa nini alinitaja? Kama anaweza, ni mwanga. Kama atanong'ona, ni giza.

TUJIFUNZE KWA INTUMBA

Ninyi wakulima wa Ufipa hamhitaji kufundishwa kujiandaa mapema. Wazazi wetu walilima kwa intumba. Mvua zikiwa zinaelekea mwisho, majani yakingali mabichi, walikusanya majani, wakayafunika kwa udongo, wakafanya vilima vidogo shamba zima. Juu yake waliweza kupanda maharage. Ndani yake majani yalioza taratibu. Msimu uliofuata walivisambaza vilima vile na kupanda ulezi katika udongo ulionona.

Je, kuna mzee aliyengoja mpaka siku ya kupanda ulezi ndipo aanze kukusanya majani? Hakuna. Majani hayaozi kwa siku moja. Kadhalika na kujuana. Ukienda kwa mtu siku ile ile unayotaka kazi, umechelewa. Nenda sasa, wakati huna haja, ili siku ya haja udongo uwe tayari.

HATUA TANO

Kwanza, anza na kazi uliyo nayo. Usingoje kuajiriwa ndipo ufanye kazi vizuri. Kama wewe ni katibu wa kikundi, andika mihutasari inayosomeka. Kama uko katika kamati ya maji, weka stakabadhi za michango. Kama umekubali kufagia kanisa au msikiti Ijumaa au Jumapili, fika kabla ya watu. Mtu asiyeaminiwa katika kijiji chake, hata akijulikana na ofisi zote za Sumbawanga, hatafika mbali. Siku mgeni atakapokuja ataanza kwa kuwauliza jirani zako.

Pili, andika majina. Chukua daftari, piga mistari mitatu ya kusimama. Katika sehemu ya kwanza andika jina la mtu. Ya pili, kazi yake. Ya tatu, siku mliyoonana na mliyozungumza. Andika Mtendaji wa Kijiji, Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, Bwana Shamba, mganga wa zahanati, mwalimu mkuu, paroko, mchungaji au imamu, na viongozi wa vikundi vya vijiji jirani. Usiwasahau walio sawa na wewe. Mwanafunzi mwenzako wa leo kesho atakuwa ndani ya ofisi, naye atakukumbuka kuliko mkubwa yeyote.

Tatu, nenda ukajitambulishe, wala usiende kuomba. Jambo hili huwapa watu wengi aibu, basi nitatoa mfano. Mama mmoja anafika ofisi ya kata:

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, Bwana Maendeleo."

"Marahaba, mama. Karibu ukae."

"Ahsante, sitakuchukulia muda mrefu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba, tuko akina mama ishirini na wawili. Nimekuja kukuonyesha kitabu chetu ili ujue tupo. Tena nataka kukuuliza: kwa maoni yako, ni jambo gani tujifunze mwaka huu?"

Tazameni jinsi alivyofanya. Amesalimia kwa heshima. Amesema yeye ni nani na anafanya nini. Ameonyesha kazi. Ameomba shauri, hakuomba kazi. Kisha ameondoka upesi. Afisa hawezi kumsahau kirahisi, maana wengi huja na malalamiko, na huyu amekuja na kitabu.

Nne, rudisha majibu. Hapa ndipo wengi hushindwa. Ukipewa shauri, lifanye, kisha rudi au piga simu useme: "Ulitushauri tujifunze kutunza mbegu. Tumefanya, na matokeo ni haya." Ukitajwa mahali ukapata kazi, mwambie aliyekutaja. Ukikosa, mwambie vilevile na umshukuru. Nawe ukisikia habari itakayomfaa mtu mwingine, mpelekee. Mtu anayepokea tu asitoe huchosha. Hata kama huna fedha, una habari, una nguvu, na una muda.

Tano, weka karatasi tayari. Katika bahasha moja weka vyeti vyako, kitambulisho cha taifa, barua moja fupi ya maelezo yako, na majina mawili au matatu ya wadhamini pamoja na namba zao za simu. Usiandike jina la mdhamini kabla ya kumwomba ruhusa. Na namba yako ya simu usiibadilishe kila mwezi. Nimeona watu wakikosa kazi kwa sababu hiyo peke yake.

JUU YA KUJITOLEA

Mara nyingi mlango wa kwanza ni kujitolea. Ni mlango mzuri, lakini usiingie umefumba macho. Uliza kabla ya kuanza: nitafanya kazi gani? Siku ngapi kwa wiki? Kwa miezi mingapi? Nauli atalipa nani? Mwisho nitapewa barua ya kuthibitisha kazi niliyofanya? Ukijibiwa vizuri, jitolee kwa moyo. Lakini kama unafanyishwa kazi mwaka mzima bila nauli, bila barua na bila mwisho, huko si kujitolea tena, bali ni kutumiwa. Una watoto na shamba. Sema asante kwa adabu, rudi nyumbani.

MFANO WA WAKULIMA

Mnalijua jina MVIWATA, yaani Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania. Ulianza Morogoro mwaka 1993, wakulima wachache wa mikoa mbalimbali walipokutana, wakisaidiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Nia yao ya kwanza ilikuwa nyepesi: wakulima watembeleane, waone mashamba ya wenzao, wabadilishane ujuzi, na wajisemee wenyewe. Leo mtandao huo una vikundi katika mikoa mingi, na hapa Rukwa pia.

Fikirini jambo hilo. Kilichokuja kuwa shirika kubwa kilianza kwa kutembeleana tu. Basi nanyi msidharau safari ya kwenda kijiji cha pili kutazama kikundi cha wenzenu. Huko ndiko mtu hujulikana.

MWISHO WA HABARI YA YULE MAMA

Baada ya siku ile yule mama hakukasirika akaacha masomo. Alianza kutembea na kitabu chake. Alikwenda ofisi ya kata. Alikwenda zahanati kumwambia mganga kwamba kikundi chao kinaweza kuwaita akina mama siku ya kliniki. Alivitembelea vikundi viwili vya jirani, akawafundisha kuandika hisa bila kudai malipo. Mwaka uliofuata shirika jingine lilikuja kuuliza majina. Waliuliza kata, wakauliza zahanati, wakaniuliza mimi. Wote watatu tulitaja jina moja, wala hatukuwa tumeshauriana. Alipata kazi hiyo kwa mkataba wa miaka miwili.

Mkataba wenyewe aliusoma kwa macho yake, akatia sahihi yake mwenyewe. Kidole gumba hakikuhitajika.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mdhamini: mtu anayekubali kusema kwamba anakujua na kazi yako anaijua.
Mradi: kazi yenye mwanzo, mwisho na fedha zake.
Muhtasari: maandishi mafupi ya mambo yaliyosemwa mkutanoni.
Kimemo: karatasi ya siri ya kumpendelea mtu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini shirika hutafuta watu kwa haraka mradi unapoanza?
2. Mwalimu alikosa nini katika habari ya yule mama? Na yule mama alikosa nini?
3. Toeni mfano wa kujuana kwa giza na mfano wa kujuana kwa mwanga katika kijiji chenu. Msitaje majina ya watu.
4. Mtu aliyejua kusoma mwaka huu tu, asiye na cheti, aweza kuonyesha kazi gani?

KAZI YA NYUMBANI

Piga mistari katika daftari lako kama nilivyoeleza. Andika majina kumi. Kisha chagua jina moja, na kabla ya somo la nane nenda ukamsalimu mtu huyo na umwambie unafanya kazi gani. Usimwombe kitu. Siku ya somo, kila mmoja ataeleza alivyopokewa.

Katika somo la nane tutajifunza kusoma mkataba wa kazi, mstari kwa mstari. Kwa leo tuishie hapa. Kwaherini, ndugu zangu.